Kutoka Soko la Madina Hadi Kodi ya Soda: Nani Analinda Jiko Lako?



Mfunguo mosi umeingia na kadi za harusi zimeanza kugawiwa. Katika kila nyumba yenye bibi harusi kuna karatasi ya mahitaji. Juu kabisa umeandikwa mchele wa biriani, kisha nyama, vitunguu, tungule, samli na bizari, na chini kabisa kreti za soda. Mchele tutaujadili, huyu anataka wa aina hii na yule wa aina ile. Nyama tutapatana bei. Ikifika kwenye soda hakuna mjadala tena, swali ni moja tu: kreti ngapi?

Nilikaa nikapiga hesabu. Soda moja ya mililita 330 huwa na sukari gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai 8 na zaidi. Harusi ya watu 300, kila mgeni soda moja, ni kilo 10 na nusu za sukari, nazo zinanyweka ndani ya saa moja, juu ya biriani na halua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kwa hiyo chupa moja peke yake imeshapita.

Sikuandika haya kumharibia mtu shughuli yake. Nimeandika kwa sababu ya maneno tunayoyasikia miaka ikipita baada ya shughuli. Baba akigunduliwa ana maradhi ya sukari, watu wanaulizana: "Kwani mkewe anampikia nini?" Mtoto akioza meno, lawama ni ya mama. Mume akipanda presha, macho yanageukia jikoni. Mwanamke ndiye mpishi, basi kila kinachoingia tumboni anaulizwa yeye, hata kile kilichotiwa sukari na mafuta kiwandani na watu wasiomjua hata jina.

Historia inatuambia jambo jingine. Kulinda chakula cha watu halikuwa jukumu la mpishi peke yake, si katika miji ya Kiislamu ya zamani wala katika nchi za leo. Wenye mamlaka waliingia sokoni na kiwandani, na pale walipoingia kwa busara, afya za watu zilibadilika. Pale walipokosea, watu walizikimbia sheria zao. Natamani kila bibi harusi anayekwenda kuanza jiko lake aijue historia hii, ili ajue mzigo wake ni upi na mzigo wa wengine ni upi.

Mkaguzi wa soko

Tuanze kwetu. Imepokewa katika vitabu vya historia ya Kiislamu kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimkabidhi Bi Shifa bint Abdillah sehemu ya kazi ya kusimamia soko la Madina. Bi Shifa alikuwa msomi, na ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), kuandika.

Baadaye kazi hiyo ikawa ofisi kamili, ikaitwa hisba, na mwenye kuishika akaitwa muhtasib. Alikuwa na mizani, alikuwa na wasaidizi, na alikuwa na haki ya kufungua chungu cha muuzaji akatazama ndani. Katika karne ya 12 huko Sham, mwanachuoni Al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi hawa, fani baada ya fani. Mkanda unga asikande kwa miguu, magoti wala viwiko. Avae nguo ya mikono ya kubana, azibe mdomo asije akatema mate au kupiga chafya juu ya unga, na afunge kitambaa cheupe kwenye paji la uso jasho lisidondoke. Mtu mwengine asimame na kipepeo afukuze nzi. Wauza zalabia, ndugu wa jalebi tunazonunua mwezi wa Ramadhani, walikuwa na mlango wao, na wapishi wa halua wao, na wauza samaki wa kukaanga wao.

Tutazame vizuri nini kilikuwa kikilindwa hapo. Muhtasib hakukataza watu kula tamu. Alikataza uchafu, udanganyifu na mizani ya uongo. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu: mama anayenunua mkate hawezi kuingia katika kila tanuri akaangalia unga umekandwa vipi. Kuna mambo ambayo mlaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyakagua mwenyewe. Lazima awepo wa kumkagulia.

Wanavyuoni pia hawakuwa wepesi wa kumpa mtawala kila kitu. Mtume (S.A.W.) aliombwa apange bei za soko zilipopanda, naye akakataa, kwa kuchelea kumdhulumu mtu. Karne nyingi baadaye Ibn Taymiyya, katika risala yake juu ya hisba, alieleza kwamba kuna hali ambapo mtawala anaweza kuingilia bei, pale wauzaji wanapotumia vibaya haja ya watu. Kwa hiyo swali la "serikali iingie mpaka wapi?" halikuletwa na Wazungu wala na madaktari wa leo. Ni letu la zamani.

Kwa karne nyingi hatari za chakula zilikuwa njaa, uchafu na ulaghai. Karne ya 20 ikaleta hatari ya aina nyengine: chakula kisafi, kimefungwa vizuri, halali kwa kila kilichomo, lakini kimejaa sukari, chumvi na mafuta kuliko mwili unavyoweza kubeba. Mizani ya muhtasib haikutengenezwa kupima hayo. Ilibidi watu waanze kubuni njia mpya.

Wanawake wa Karelia

Moja ya njia za mwanzo ilitoka mbali sana na pwani yetu, katika nchi ya baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Finland ilikuwa na vifo vingi vya maradhi ya moyo kwa wanaume kuliko karibu nchi zote duniani, na mkoa wa Karelia ya Kaskazini ulikuwa mbaya zaidi. Walikuwa wakulima na wakata magogo, watu wa kazi nzito, na wakafa na miaka 40 au 50 wakiacha wajane na watoto. Walikula siagi nyingi, maziwa ya mafuta na chumvi nyingi, na mboga kidogo sana.

Mwaka 1971 wawakilishi wa mkoa huo waliiandikia serikali kuu wakiomba msaada. Mwaka 1972 mradi ukaanza, ukiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Walijaribu mihadhara, vipeperushi na vipimo vya hospitali. Lakini aliyekuwa na sufuria mkononi si daktari. Ni mama wa nyumba.

Hapo wakakiendea chama cha wanawake kinachoitwa Martha, kilichokuwepo tangu mwaka 1899 kikifundisha mambo ya nyumba. Wanawake hao wakafanya mikusanyiko vijijini: daktari anazungumza kwa ufupi, kisha kinapikwa chakula kile kile cha kienyeji, mchuzi wao wa nyama unaojulikana mkoa mzima, ila mafuta yamepunguzwa, chumvi imepunguzwa, na mboga zimeongezwa. Watu wanakula pamoja, wanarudi nyumbani na mapishi. Hakuna aliyeambiwa aache chakula cha bibi yake.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya wapishi tu. Lakini upande wa pili kazi ilifanyika pia. Viwanda vya maziwa na vya nyama vilishawishiwa vitengeneze bidhaa zenye mafuta na chumvi kidogo. Wafugaji waliogopa kupoteza riziki, basi baadhi yao wakasaidiwa kulima matunda madogo ya porini yanayostahimili baridi. Mwaka 1993 nchi ikaweka sheria ya kuonya kwenye pakiti za vyakula vyenye chumvi nyingi. Katika muda wa miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi mkoani humo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Watu hao si Waislamu na jiko lao si letu, lakini somo lao linatuhusu. Mama alibadilisha sufuria yake, na wakati huo huo dukani kukawa na kitu chengine cha kutia ndani ya sufuria hiyo. Kimoja bila ya chengine kisingefika mbali.

Kisiwa kilichobadilisha mafuta

Sasa turudi Bahari ya Hindi. Mauritius ni kisiwa kama chetu: watu wa asili ya Bara Hindi, Afrika, China na Ulaya, Waislamu wakiwemo, na jiko la bizari, wali na vya kukaanga ambalo mtu wa Unguja au Mombasa hatapotea ndani yake. Mwaka 1987 wataalamu waliwapima watu wa kisiwa hicho wakakuta maradhi ya sukari na hatari za moyo ziko juu mno.

Serikali ilikuwa na mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyouzwa kwa ruzuku, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikuwa mawese, ambayo yana mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli. Mwishoni mwa mwaka huo ikafanya jambo moja: ikabadilisha mafuta hayo yakawa ya soya. Mama wa kisiwa hicho aliendelea kwenda duka lile lile na kukaanga sambusa zile zile. Hakulazimika kusoma kitabu wala kugombana na mumewe.

Mwaka 1992 watu walipopimwa tena, wastani wa kolesteroli ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha hospitali. Kushuka kiasi hicho kwa watu wa kisiwa kizima, ndani ya miaka 5, ni jambo kubwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika miaka hiyo hiyo unene uliongezeka, na maradhi ya sukari hayakuondoka. Mafuta yalikuwa mlango mmoja tu. Mlango mwengine ulikuwa sukari, na hapo Mauritius ilikuwa na mtihani wake, kwa sababu ni kisiwa kilichojengwa juu ya mashamba ya miwa. Hata hivyo mwaka 2013 ikaanza kutoza ushuru vinywaji vitamu kwa kila gramu ya sukari iliyomo. Anayetia sukari nyingi analipa nyingi, anayepunguza analipa kidogo. Nchi iliyoishi kwa kuuza sukari ilikubali kwamba kuna sukari inayowadhuru watoto wake.

Sheria zilizoshindwa

Si kila aliyejaribu alifaulu, na ni vizuri tujifunze kwa walioanguka pia.

Oktoba 2011 Denmark iliweka kodi ya mafuta mazito. Iligusa siagi, jibini, nyama na mafuta ya kupikia, vitu vya kila siku vya kila nyumba. Wafanyabiashara walilalamika, hesabu zake zilikuwa ngumu, na watu wakavuka mpaka kwenda kununua siagi Ujerumani na Sweden. Ilipofika Januari 2013 kodi hiyo ilikuwa imeshafutwa. Haikudumu hata miaka 2. Walitoza kila kitu kwa pamoja, na mama wa nyumba aliona bei imepanda tu, hakuona ameongezewa nini.

Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ina kisa chengine. Visiwa vile vililetewa kwa meli mikia ya bata mzinga kutoka Marekani, kipande chenye mafuta mengi ambacho Wamarekani wenyewe hawakukitaka sana. Kilikuwa rahisi, na kikaenea. Mwaka 2007 serikali ikapiga marufuku kukiingiza, kwa ajili ya afya za watu. Kisha Samoa ilipotaka kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, marufuku hiyo ikawa kikwazo. Ilibidi iondoe marufuku na kuweka ushuru mkubwa badala yake, na mwaka 2012 ikapokewa uanachama.

Kisa hiki kinaniuma zaidi kuliko cha Denmark, kwa kuwa sisi pia ni watu wa visiwa. Chakula chetu kingi kinashuka bandarini. Mama akipita madukani akakuta rafu imejaa biskuti, juisi za unga na vinywaji vya rangi kwa bei ya chini kuliko papai, hakuchagua yeye kiingie nini. Kilishachaguliwa kabla hajafika.

Kodi ya soda yafika Ghuba

Wakati Denmark ikifuta, Mexico ilikuwa ikijiandaa. Ni nchi ya wanywaji wakubwa wa soda, na maradhi ya sukari ni miongoni mwa yanayoua watu wengi huko. Jumuiya za wananchi ziliweka mabango yakionyesha vijiko 12 vya sukari vilivyomo katika chupa moja ya mililita 600, na kuwauliza wazazi kama wangempa mtoto wao sukari hiyo kavu. Walidai pia maji safi ya kunywa kwenye skuli, maana penye maji mabaya soda huonekana ndiyo salama.

Januari 2014 kodi ikaanza: peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Haikugusa mkate wala maziwa. Iligusa kitu kimoja ambacho mwili unaweza kuishi bila yake. Mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji hivyo ulishuka kwa wastani wa asilimia 6, na mwaka wa pili karibu asilimia 10. Familia maskini ndizo zilizopunguza zaidi.

Uingereza ilitangaza kodi yake mwaka 2016, ikaianza Aprili 2018, na ikaipanga kwa viwango: kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakilipi, cha gramu 5 hadi 8 kinalipa, na cha juu ya hapo kinalipa zaidi. Kampuni nyingi zilikimbilia kupunguza sukari kabla ya siku ya kuanza kufika. Mtoto aliyekunywa kinywaji kile kile alipata sukari pungufu bila ya mama yake kusema neno.

Kisha jambo hili likafika kwa ndugu zetu. Wengi wetu tuna shangazi, kaka au mume Muscat, Dubai au Jeddah, na tunajua maradhi ya sukari yalivyozizonga nyumba za huko. Saudia ilianza mwaka 2014 kwa kupiga marufuku matangazo ya vinywaji vya kuongeza nguvu na kuviuza kwenye taasisi za elimu. Juni 2017 ikaweka kodi ya asilimia 50 kwa soda na asilimia 100 kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Imarati ikafuata Oktoba mwaka huo huo, na Omani Juni 2019. Baadaye walipoona watu wanahamia kwenye juisi na chai za chupa zenye sukari ile ile, wakazitoza nazo asilimia 50: Saudia Desemba 2019, na Omani Oktoba 2020.

Nchi hizi ni za Kiislamu, na baadhi yetu tutauliza: je, si ndiyo kupanga bei? Hapana, si jambo moja. Muuzaji bado anauza anavyotaka. Kinachofanyika ni kufanya madhara yawe ghali kuliko manufaa, na kuondosha madhara ni msingi mkubwa wa sharia yetu. Lakini swali la haki libaki wazi. Kodi ya soda inamuuma zaidi mwenye kipato kidogo. Maradhi ya sukari nayo yanamuuma zaidi yeye, kwa sababu dawa, vipimo na mguu uliokatwa havina bei ya maskini. Kwa hiyo tukipewa kodi, tudai na cha pili: pesa zake zionekane kwenye maji ya skuli na kwenye kliniki, kama walivyodai kina mama na kina baba wa Mexico.

Alama nyeusi kwenye pakiti

Kodi hubadilisha bei, lakini haimwambii mama ndani ya pakiti mna nini. Hapo ndipo Chile ilipoongeza jambo. Juni 2016 sheria yake ilianza kutumika: kila chakula cha kiwandani kilichozidi kipimo cha sukari, chumvi, mafuta mazito au nishati lazima kibandikwe mbele alama nyeusi ya pembe nane, inayosema wazi kwamba kina kiwango kikubwa cha kitu hicho. Chenye makosa manne kina alama nne. Na chakula chenye alama hakiuzwi skuli, wala hakitangazwi kwa watoto.

Makampuni yalilazimika kuondoa wanyama na vikaragosi kwenye maboksi ya nafaka tamu za asubuhi, zile ambazo mtoto huzililia dukani mpaka mama akaona haya. Ndani ya mwaka mmoja na nusu, ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulishuka kwa takriban asilimia 24. Mexico nayo ikaweka alama kama hizo mwaka 2020.

Mimi nikiitazama ile alama nyeusi namuona muhtasib wa Sham amerudi na mizani yake. Kazi ni ile ile: kumsemea ukweli mnunuzi ambaye hawezi kuingia kiwandani akaangalia. Pakiti iliyoandikwa "asilia" na "yenye vitamini" kwa herufi kubwa mbele, na sukari ikafichwa nyuma kwa herufi za chungu, angeikamata.

Tukirudi kwenye karatasi ya harusi

Sasa, bibi harusi wetu, wewe bado hujapata alama nyeusi dukani kwako. Ufanye nini?

Kwanza, uwe na moyo mwepesi. Ikiwa kwenu kuna sukari au presha, si wewe uliyeileta peke yako, wala si mama yako. Mtu yeyote akikuuliza unampikia nini mumeo, mjibu kwa adabu, lakini ndani ya nafsi yako ujue kwamba jibu ni refu kuliko sufuria yako.

Pili, fanya kama wanawake wa Karelia. Usiingie nyumba ya mama mkwe ukaanza kumwambia mapishi yake yanaua. Pika kile kile wanachokipenda, punguza kidogo mafuta, punguza kidogo chumvi, ongeza mchicha au kachumbari. Chai ya nyumba ikizoea vijiko vitatu, shusha nusu kijiko kwa mwezi. Ulimi unazoea, na hakuna ugomvi.

Tatu, fanya kama Mauritius: badilisha kinachoingia ndani, maana kilichomo ndani kitaliwa. Geuza pakiti usome nyuma. Tafuta sukari gramu ngapi kwa mililita 100, uzidishe kwa mililita za chupa, ugawe kwa 100 upate gramu za chupa nzima, kisha ugawe kwa 4 upate vijiko vya chai. Fanya hivyo mara tatu tu, na hutahitaji tena mtu akuhubirie.

Nne, ile karatasi. Bibi zetu waliwakirimu watu kwa sharbati, kahawa na kipande cha halua, na harusi zao zilikuwa harusi. Walima ya Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bi Safiyya ilikuwa tende, jibini kavu na samli. Si lazima ufute soda yote, wageni wasije wakanuna. Nusu ya kreti igeuze maji baridi na juisi ya ukwaju au bungo iliyotiwa sukari kwa mkono mwepesi. Ukifanya hivyo kwa wageni 300 umepunguza kilo kadhaa za sukari, na pengine umempa shangazi mwenye sukari kitu cha kunywa bila kujificha.

Na la tano ni letu sote, si la bibi harusi peke yake. Bi Shifa alikabidhiwa soko. Wanawake wa Martha walikwenda vijijini. Sisi tuna kamati za skuli, na tuna wawakilishi tuliowapigia kura. Tuwaulize: duka la mbele ya skuli linauza nini saa ya mapumziko? Mabomba ya maji ya wanafunzi yanatoka? Kinachoshuka bandarini kinapimwa sukari, au kinapimwa uzito tu? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mama watatu waende pamoja.

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vizuri na akatukataza israfu. Atujaalie majiko yenye baraka, atuponyee wagonjwa wetu, na awape mabibi harusi wetu wote nyumba zenye utulivu na mapenzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.